Mwalimu wa Kipande

Sitasema alizaliwa lini wala baba yake alikuwa nani. Hayo ndiyo maswali aliyoyachukia maisha yake yote, na mimi sitayajibu kwa niaba yake, hasa sasa ambapo hawezi tena kunifokea. Ukitaka ukoo wake nenda kaulize kwingine. Mimi nitakuambia alivyoketi, alivyotukana, na alivyonifundisha kukosa.

Tulimwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alikuwa mwanamke wa Makina, huku Kibera, Mnubi kama sisi, mshonaji wa kawa, zile za rangi rangi za kufunikia chakula, na kibaraza chake kilitazamana na ukuta wa msikiti. Lakini kijana yeyote wa Kinubi aliyetaka kipande, kile kitambulisho cha serikali, miaka ile ya sabini na mwanzo wa themanini alipita pale kwanza. Sisi watu wa Makina tulikuwa na jambo letu peke yetu. Mwenzako wa kabila lingine akifika umri alienda na babake kwa chifu, akatia vidole kwenye wino, akarudi nyumbani kula. Wewe Mnubi uliitwa mbele ya kamati. Wazee watatu nyuma ya meza wakakuuliza historia ya nchi, serikali inavyoendeshwa, mila zenu, nyumbani kwenu, halafu wao ndio waseme kama wewe ni Mkenya ama bado. Babu zetu waliletwa kutoka Sudani na jeshi la Mwingereza, wakapewa msitu huu, wakaukata, wakazaa humu na wakazikwa humu. Hiyo haikutosha. Nikikumbuka napandwa na hasira mpaka leo, na sioni haya kusema.

Bila kipande hukuwa mtu. Kazi huandikwi, chuo huingii, na askari akikusimamisha Ngong Road hukuwa na la kumwonyesha ila uso wako. Basi ndiyo maana kile kibaraza hakikukosa watu.

Ulikaa kwenye kigoda. Mwalimu alikaa mkekani, kawa mapajani, sindano ndefu mkononi, macho kwenye kazi yake. Aliuliza bila kukutazama. "Nchi hii ina mikoa mingapi? Bendera ina rangi ngapi? Nyeusi ni ya nini? Nani anafungua Bunge? Mto mrefu kuliko yote?" Ukijibu sawa, sindano iliendelea kutembea, na hiyo ndiyo sifa pekee utakayopata siku nzima. Ukikosa, sindano ilisimama. Alingoja, nawe ukatoka jasho, mpaka ulipate mwenyewe au ukiri. Nimewahi kuona mwanamume wa miaka thelathini, fundi wa magari mwenye mikono kama makoleo, akimwomba Mwalimu afadhali amtukane kuliko kusimamisha ile sindano.

Maswali yenyewe aliyatoa wapi? Kulikuwa na sheria moja pale Makina, nayo ilifuatwa kuliko za serikali. Ukitoka kwenye kamati, iwe umepita iwe umeanguka, huendi kwenu. Huendi hata kumwambia mamako. Unanyoosha moja kwa moja kwa Mwalimu, unakaa kwenye kigoda, unamtajia kila swali uliloulizwa, na nani alikuuliza, na alikutazama vipi. Yeye aliandika yote kwenye daftari la jalada la bluu. Likijaa alishona jingine juu yake kwa uzi uleule wa kawa, mpaka likawa nene kama tofali. Mle ndani mlikuwa na mikoa, wilaya, makao makuu ya wilaya, mawaziri, manaibu wao, beti zote tatu za wimbo wa taifa, na upande wa nyuma, kwa wino mwekundu, maswali ambayo aliyaita ya matusi.

Swali la matusi la kwanza lilikuwa hili: nyumbani kwenu ni wapi? Ungesema Makina. Mzee wa kamati angetabasamu. "Hapana, si unapoishi. Nyumbani kabisa. Ushago." Maana Nairobi kila mtu ana kwao, mwenye Machakos, mwenye Murang'a, mwenye Kisumu, hata kama hajakanyaga huko miaka kumi. Sisi kwetu ni palepale tulipolala. Wengi walikwama hapo, wakaanza kueleza, wakataja Sudani aliyoiota babu, na ukishaitaja Sudani umekwisha.

"Utasema Makina," Mwalimu alitufunza. "Akirudia, Makina. Akirudia mara ya tatu, Makina. Usiongeze hata salamu."

"Na akikasirika?"

"Akasirike. Kwani kukasirika ni kwake peke yake?"

Redio yake ilikuwa ya mbao, ya betri, na aligombana nayo kila siku. Saa saba mchana, taarifa ya habari ikianza, kibaraza kizima kilinyamaza. Rais akibadilisha mawaziri, Mwalimu alikuwa ameshakata na kuandika upya kabla msomaji hajafika kwenye hali ya hewa. "Huyu wamemtoa Kilimo wamempeleka Maji," aliguna. "Na watoto wangu walikuwa washamshika kwa Kilimo! Hawa watu hawana huruma." Watoto wake tulikuwa sisi, wanafunzi. Aliitukana serikali toka asubuhi mpaka jioni, na hakuna mtu Kibera nzima aliyeijua kama yeye.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na akishika neno haliachi. Kijana mmoja aliwahi kusema pale, "Sisi Wanubi kama wageni tunapaswa kuvumilia," na Mwalimu akamrushia kigoda. Alisema neno hilo lisitajwe nyumbani kwake. Lakini watu wapya wakija kupanga vyumba kule Lindi, mtaa jirani wa Kibera, na kumwaga maji ya sabuni njiani, nani alisimama kibarazani na kupiga kelele, "Hawa wageni watatuua na tope"? Nilimwambia siku moja. Nilisema, "Mwalimu, si ulisema hilo neno lisitajwe?" Hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu alinipa kikombe cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na hiyo kwake ilikuwa ni kuomba msamaha.

Wimbo wa taifa alitufundisha neno kwa neno lakini hakuwahi kuuimba mbele yetu. Alisoma tu, kavu, kama anayesoma orodha ya duka. Ila nilimkuta siku moja nyuma ya nyumba akifua, mgongo umeinama, anauimba ubeti wa pili kwa sauti nzuri sana, na povu limemfika viwikoni. Nilirudi nyuma polepole nikaenda zangu.

Na kubwa kuliko yote: yeye mwenyewe hakuwa na kipande. Zamani kipande kilikuwa cha wanaume, hakuna aliyemuuliza mwanamke. Halafu ikatoka amri kwamba wanawake nao waandikishwe. "Sasa wametukumbuka," alisema Mwalimu, na kibaraza kikajaa wasichana. Tulidhani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kwenda. Nani angemshinda? Alikataa katakata.

"Mimi sina mtihani na mtu," alisema. "Mama yangu yuko makaburini pale, unaweza kupaona ukisimama mlangoni. Niende nikamwimbie mzee fulani ili aniambie mimi ni wa wapi? Wallahi siendi."

"Sasa mbona sisi unatufunza?"

"Nyinyi mna maisha ya kuishi. Mimi nina kawa."

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimeitwa chuo cha wauguzi. Barua ilikuwa wazi: njoo na kipande. Nafasi yangu wangeishikilia muhula mmoja, baada ya hapo wampe mwingine. Mamangu aliiweka ile barua ndani ya Msahafu, akawa anaitoa kila Ijumaa kuitazama. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa popote kwa barua.

Nilikaa kwenye kigoda kile miezi mitatu. Nilishika yote. Nilijua wilaya za Bonde la Ufa kwa mpangilio wa kushuka na wa kupanda. Mwalimu alishona kawa nzima, ile kubwa ya harusi, bila sindano yake kusimama hata mara moja. Siku ya kwenda alinifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Wewe ndiye nitakayewaonyesha."

Chumba kilikuwa na madirisha ya juu. Wazee watatu, wa katikati ana miwani na kalamu ya risasi.

"Mikoa mingapi?"

"Saba, na eneo la Nairobi."

"Wimbo wa taifa una beti ngapi?"

"Tatu."

"Imba wa tatu."

Nikaimba. Walitazamana. Akauliza Waziri wa Maji, nikamtaja, nikamtaja na naibu wake ambaye hakuna aliyemuuliza. Akauliza makao makuu ya Turkana.

"Lodwar."

"Umewahi kufika?"

"La."

"Sasa umejuaje?"

"Nimesoma."

Aliweka kalamu chini. "Msichana, mimi nina watoto sita. Wamezaliwa nchi hii. Hakuna hata mmoja anayejua nusu ya hayo. Mtu akijua hivi, mimi najiuliza amefunzwa na nani, na anatafuta nini." Akamnong'oneza mwenzake. "Nenda. Ombi lako tumeliahirisha."

Nilinyoosha kwa Mwalimu kama sheria ilivyotaka. Nilimtajia maswali yote, akaandika, nikafika mwisho nikamwambia maneno ya yule mzee. Sindano ilikuwa mkononi, akaichomeka kwenye kawa, akaiweka kawa pembeni. Sijawahi kumwona akiiweka pembeni kabla jua halijazama.

"Ulijibu yote?"

"Yote."

"Hukukosa hata moja?"

"Hata moja, Mwalimu."

Watu watatu walikuwa pale wakingoja zamu yao, akawaambia waende kwao. Halafu akasema, "Nimekuharibu mwenyewe," na sauti yake sikuijua. Nililia. Yeye hakulia, alifungua daftari akaanza kusoma majina ya walioanguka mwaka ule, akiweka kidole. Wote walikuwa wanafunzi wake bora. Wale wazito, wa kusahausahau, wale waliosimamisha sindano kila dakika, walikuwa wamepita.

"Ai!" akasema. "Tumejifunza nchi mpaka tumeonekana wezi."

Baada ya siku mbili alinijia nyumbani asubuhi, amejifunga vizuri, viatu vya raba miguuni, daftari kwapani. "Vaa. Tunaenda Kawangware."

"Kufanya nini?"

"Kuona raia."

Tulitembea. Tulipanda mpaka Ngong Road, tukapita Dagoretti Corner, tukateremka Kawangware, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima akinung'unika kwamba miaka yote hiyo amekaa na majibu na hajawahi kwenda kuwatazama wale ambao hawaulizwi. Kule Gatina, ndani ya Kawangware, kulikuwa na mzee mmoja mwenye ploti, mwenyeji wa tangu zamani, Mkristo, ardhi ile aliirithi kwa babake. Walifahamiana na Mwalimu kwa sababu mkewe aliwahi kununua kawa ya harusi ya binti yao. Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe kwa panga.

"Mama! Umepotea njia?"

"Sijapotea, mzee. Nina maswali. Nchi hii ina mikoa mingapi?"

"Kwani mnaandikisha watu?"

"La. Nauliza tu."

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Alifika vinne, akamtazama ng'ombe, akaanza upya, akafika vitatu. "Wacha nikuambie, mama. Mimi najua huu niliosimama. Hiyo mingine ina wenyewe."

"Waziri wa Maji ni nani?"

"Huyo hajawahi kuleta maji hapa. Nimjue wa nini?"

"Wimbo wa taifa unaujua?"

Huo aliujua, alisema, na alikasirika kidogo kuulizwa. Alisimama wima, panga mkononi, akaimba ubeti wa kwanza vizuri kabisa. Ubeti wa pili alianza vyema, halafu katikati akahamia kwenye wimbo wa kanisani bila habari, akaumaliza kwa nguvu zote, na mkewe kutoka jikoni akaitikia, "Amina!" Niliuma midomo nisicheke. Mwalimu alikuwa anaandika.

Tuliteremka kidogo tukampata fundi wa vitanda, Mkamba wa Kitui, anapiga randa mguu wa kitanda, misumari mdomoni.

"Fundi, mto mrefu kuliko yote nchi hii ni upi?"

"Kwetu mto ni mchanga, mama. Ukitaka maji unachimba."

"Lakini wa nchi nzima?"

"Sijui." Wala randa haikusimama.

Mwalimu aliinua kichwa. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo sijui. Iseme tena."

Fundi alidhani kikongwe hasikii. Akatoa misumari, akacheka, akasema kwa sauti kubwa, "Sijui, mama!" akairudisha misumari mdomoni na kuendelea na kazi. Mwalimu alimshukuru kama mtu aliyepewa kitu.

Tuliuliza watu kumi na mmoja siku ile. Mwuza makaa, mama wa mboga, mwalimu wa shule ya Jumapili, konda mmoja wa matatu aliyetusalimu "Sasa, wazazi" akakimbia kabla hatujamaliza swali. Njiani kurudi alinisomea daftari. "Mwenye ploti: hajui, hajali, raia. Fundi: hajui, ana misumari mdomoni, raia. Mama wa mboga: anajua mkoa mmoja, ametufukuza, raia." Alicheka mpaka akashika mti. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na nilicheka naye, ingawa nafasi yangu ya chuo ilikuwa imebakiwa na wiki tano.

Halafu akanigeukia. Wiki mbili mfululizo nilifundishwa neno moja. Unaweza kudhani ni rahisi. Jaribu wewe, mbele ya mtu mwenye maisha yako mkononi, halafu jibu unalijua, liko pale kwenye ncha ya ulimi.

"Makao makuu ya Turkana?"

"Sijui," nikasema, na kichwa kikainama chenyewe.

"Hiyo inaomba ruhusa. Tena."

"Sijui."

"Hiyo inaomba msamaha. Kwani umeiba nini? Tena!"

Alinipa ungo wa mchele nichague mawe huku nikijibu. "Usinitazame mimi! Tazama mchele. Yule fundi alinitazama?" Siku ya tisa hivi nilikuwa nimeshika jiwe dogo jeupe, nalitafutia mwanga nione kama ni jiwe au ni punje, akaniuliza jina la Waziri wa Maji, nikasema sijui, na kweli wakati ule nilikuwa nalifikiria jiwe. Alipiga makofi mara moja. "Basi. Hiyo ni ya mtu aliye kwake."

Nilirudi kwenye chumba kile cha madirisha ya juu. Wazee walewale. Nilijibu bendera, nikajibu nani anafungua Bunge. Yule wa miwani akafunua faili.

"Makao makuu ya Turkana?"

Nilikuwa na uzi umening'inia kwenye mkono wa blauzi. Nikaushika. "Sijui."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mara ya kwanza ulijua. Imeandikwa hapa."

Hilo Mwalimu hakunifunza. Niliukata ule uzi.

"Mara ya kwanza niliogopa, nikasoma."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka."

Yule mzee wa kushoto, ambaye mara ya kwanza hakusema kitu, aliangua kicheko. "Huyu amechoka kama mimi," akasema. "Hata mimi hiyo Turkana sina habari nayo."

"Nyumbani kwenu ni wapi?" akauliza wa miwani.

"Makina."

"Nyumbani kabisa."

"Makina."

"Nasema ushago."

"Makina," nikasema, na safari hii nilimtazama machoni, na hasira yangu yote ilikuwa ndani ya neno lile. Kisha akaokota kalamu.

Kipande kilitoka wiki moja kabla ya muhula. Mamangu alikiweka kwenye Msahafu mahali ilipokuwa barua, akakitoa, akakirudisha. Mimi nilikipeleka kwa Mwalimu. Alikigeuza mbele na nyuma, akatazama picha. "Wamekutoa mbaya," akasema, akanirudishia. Halafu akafungua daftari. "Haya, walikuuliza nini?" Tangu siku ile kibaraza kilikuwa na madarasa mawili, la kujua na la kutojua, na mtu hakuruhusiwa kuanza la pili kabla hajamaliza la kwanza. Alisema sijui ya mtu asiyejua kweli haina kazi, ni ujinga tu.

Nilimuuliza kabla sijaondoka, "Na wewe je, Mwalimu? Unaweza kupita ukiwa umefumba macho."

"Najua naweza," alisema. "Ndiyo maana siendi."

Nikasoma, nikahitimu, nikafanya kazi hapa na pale, na mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nesi kwenye kliniki moja ya Gatina, karibu na ile ploti ya mzee wa ng'ombe, ambayo sasa ilikuwa imejengwa vyumba mpaka mahali pa zizi. Makina nilikuwa nikienda Idi na misiba. Nilisikia Mwalimu miguu inamsumbua, kwamba sindano siku hizi inasimama kwa sababu ya vidole. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona. Nilikuwa nimepanga tangu mwaka uliopita, nasema ukweli.

Asubuhi moja nikasikia kelele dirishani pa kuandikishia wagonjwa. Foleni ilikuwa imesimama. Kijana wetu wa kadi, mtoto wa Kawangware, mchangamfu, alikuwa amenyoosha shingo, anambishia bibi kizee nisiyemwona.

"Shosho, kipande. Bila kipande hakuna kadi. Unashikilia watu laini."

"Wimbo wa taifa una beti ngapi?" sauti ikauliza.

"Ati?"

"Beti. Ngapi?"

"Si ni mbili? Aki shosho, sijui. Songa kando basi."

Nilitoka mbio. Alikuwa amepungua nusu, amejifunga vizuri kama kawaida, fimbo mkono mmoja, na miguu imevimba ndani ya viatu vya raba vilivyopasuliwa mbele. Aliniona. Hakunisalimu. Alinyoosha fimbo kumwonyesha yule kijana.

"Umemsikia? Umesikia anavyoisema? Huyu hakufunzwa na mtu. Huyu ni raia kabisa."

"Sista, unamjua?" kijana akaniuliza.

"Huyu ni Mwalimu wangu," nikasema. "Leta kadi hapa."

Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani kwangu, nikamkalisha, nikamvua viatu. Nikachukua kadi nikaijaza mwenyewe. Jina. Makao: Makina. Chini kulikuwa na mstari wa uraia, nikaandika Mkenya, nikaendelea na uzito na presha. Yeye alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kawa, akaivuta ile kadi, akaisoma polepole, kidole chini ya maneno. Kidole kikasimama.

"Hapa hujaniuliza."

"Sikuulizi, Mwalimu."

Nje watu walikuwa wanaitana majina. Nilidhani amekasirika. Alipozungumza ilikuwa ile sauti ambayo nimeisikia mara moja tu, siku aliyoweka kawa pembeni.

"Niulize moja," alisema. "Miaka yote hiyo nimejibu ya watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Niulize moja tu."

Niliweka kalamu mezani. Nikamuuliza lile alilokuwa akianza nalo kwa kila mgeni wa kigoda.

"Mwalimu, nchi hii ina mikoa mingapi?"

Aliinama, akaanza kupapasa chini ya kiti kwa mguu, akitafuta kiatu chake.

"Sijui," akasema, wala hakunitazama. "Wewe nipe dawa niende zangu nyumbani."